Baiskeli Kati Yangu na Mama Mkwe

Kuna asubuhi moja, mwanangu, siisahau hata nizeeke kuliko hivi. Nilikuwa kijana, fundi seremala hapa Tabora mjini, na mama mzazi wa mama yako alikuwa amehamia kwetu kutoka Choma. Mzima kabisa, analima bustani, akicheka majirani wanasikia. Ila kwa mila zetu za wakati ule, mtu na mama mkwe wake hawagusani, hata maneno yao hupitia kwa mwingine.

Basi akamtuma mama yako aniambie nimpigie kishikio cha mbao, kutoka mlango wa jikoni hadi chooni. Goti lilikuwa limeanza kumsumbua kila asubuhi. Mimi seremala, mbao zimejaa uani! Nikajibu aache uchuro, mtu anayetembea vizuri vile anajiombea ugonjwa wa nini. Nikajiona nimempa moyo. Akaomba tena, nikasema nitaangalia.

Ndipo asubuhi hiyo mvua ikanyesha. Mama yako yuko sokoni. Nachungulia uani, namwona bibi yako katikati ya tope, goti limegoma, haendi mbele wala harudi. Nikatoka, nikasimama hatua tano kutoka kwake. Kumshika siwezi, kumwacha siwezi. Tukalowa chapachapa wote wawili, kila mtu anatazama pembeni. Niliona aibu, mwanangu, maana mbao zile zilikuwa nyuma yangu pale pale.

Mwishowe akaivunja mila, akasema nami moja kwa moja: "Mkwe, ulitaka nikuombe nikishaanguka? Haya, leta baiskeli yako."

Nikaileta. Yeye kashika keria, mimi usukani, macho mbele, tukaisukuma taratibu hadi mlango wa choo. Nikasubiri nimegeuka, nikamrudisha vilevile. Alipoketi jikoni akaanza kucheka, nami nikacheka huku nje, ukuta katikati yetu. Kabla ya jioni kishikio kilikuwa kimesimama. Alikitumia miaka mingi, akienda chooni mwenyewe, bila kumwita mtu.

Leo mimi bado naendesha baiskeli hadi kanisani. Lakini juzi nilipokuomba ile ngazi ya mlangoni uigeuze iwe mteremko, ulinijibu, "Mzee, wewe bado kijana." Najua ni mapenzi. Maneno hayo nayafahamu, niliyasema mimi.

Niulize sasa, mwanangu, wakati miguu ingali yangu: nitalala chumba kipi, nitaogea wapi, nani anishike na nani nisingependa anishike. Usinipangie, tupange wote. Na usiishie kwangu, kamuulize na mama mkwe wako.

Mungu akupe magoti ya kukufikisha mbali, na siku yakichoka, ukute kishikio kimeshapigiliwa misumari na watu wanaokupenda. Amina. Simenti ya mteremko iko stoo tangu Jumatatu.