Kisu, Moto na Mabiringanya Yangu

Nasema bila aibu: mwaka ule, Ruiru nzima, hakuna aliyelima mabiringanya kunishinda. Wacha wacheke. Mpaka leo najivunia.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, nikichuma kahawa kwenye shamba la mzungu. Nyapara wetu alinipa kipande cha ardhi kando ya mto, nikapanda mabiringanya ya kumuuzia Mhindi mmoja mwenye duka Thika. Kikapu cha kwanza kilirudishwa. Kila tunda lilikuwa na funza! Nyapara akaniambia, "Kikirudi kingine, kipande hicho nampa mke wangu." Ngai, nilichemka! Jasho langu lote, nimwachie mke wake?

Wenzangu waliniambia nichukue kwa siri dawa ya kunyunyizia kahawa. Nikakataa, maana maji ya kunywa tuliyateka mto huo huo. Nikaimwagia miche majivu, vile tulivyozoea kwa maharagwe. Wapi! Siku moja nikaona ncha za miche zimenyauka hali udongo umelowa. Nikapasua moja: funza huyu hapa, ametulia ndani. Majivu yatamfikia vipi? Nikazikata zote, nikazitupa kwenye rundo la mbolea pembeni kama magugu mengine. Haukupita muda, funza wakarudi tele.

Mama mkwe aliangua kicheko. "Mwana wangu, umewajengea nyumba pale pale mlangoni, halafu unashangaa wakikutembelea?"

Tangu siku hiyo, kila alfajiri kabla ya kengele ya kazi, nilipita mche kwa mche na kisu. Ncha iliyonyauka nakata, tunda lenye tundu natoa, vyote moja kwa moja jikoni, motoni. Mgongo uliniuma, lakini sikuacha hata siku moja.

Mavuno yaliyofuata niliyapeleka mwenyewe kwa lori la kahawa, nyapara kando yangu. Mwenye duka akapasua biringanya moja, la pili, la tatu. Meupe ndani, safi kabisa.

"Mama, dawa gani hii?"

Nikamwonyesha vidole vyangu, vyeusi kwa masizi.

Tulipofika kambini kwetu wachuma kahawa, nyapara alinisogelea. Kisha akakohoa. "Kipande ni chako. Lakini mke wangu naye amepanda ya kwake nyuma ya nyumba, na funza wanayamaliza."

"Kesho aje kabla ya kengele," nikamwambia. "Na kisu chake aje nacho."