Mfuko wa Idil, Chombo cha Maka

Idil Yarow wa Galbet alikuwa golikipa, na golikipa, kama hujui, ndiye mtu anayechafuka kuliko wote uwanjani. Wenzake hurudi nyumbani na jasho, yeye hurudi na nusu ya uwanja. Msimu wa mvua ndio usiseme! Garissa hii yenye sifa ya vumbi, mvua ikinyesha siku mbili tu uwanja unageuka bwawa, na Idil yumo ndani anagaagaa huku anacheka.

Tatizo ni kwamba mwanzoni mwa mwezi matope yalimfuata mpaka kwenye usaili. Shule moja ya wasichana ilikuwa inatafuta mwalimu wa michezo, kazi aliyoiota tangu alipomaliza chuo. Alitoka mazoezini mbio, jezi mbichi, buibui safi na vyeti vyote vimesongamana katika begi moja kuukuu. Alipovitoa vyeti mbele ya jopo, muhuri wa chuo ulikuwa umegeuka wingu la bluu. Mwalimu mkuu, Bi Sahara, mama asiyependa maneno mengi, akamwambia, "Katafute nakala nyingine, urudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi. Nafasi ya tatu hakuna."

Na Jumamosi hiyohiyo, saa moja asubuhi, ndiyo iliyokuwa fainali ya akina dada. Aache fainali? Astaghfirullah! Aache kazi? Hilo nalo halisemeki. Basi akaamua kutafuta mfuko utakaokaa na maji na ukavu bila hao wawili kujuana.

Alikwenda sokoni kwa Deeq, muuza mabegi mwenye kiapo mdomoni saa zote. Begi la kwanza lilikuwa na vijifuko kumi na viwili, lakini ndani vyote tumbo moja. Akalirudisha. La pili lilikuwa na wavu pembeni wa kuwekea nguo mbichi.

"Maji si yatamwagikia jirani yangu kwenye basi?"

"Jirani atapoa, abaayo, dada yangu, na joto hili!"

Idil akacheka, akalirudisha. Ndipo Deeq akashusha la tatu. Juu lilikuwa na chumba kikavu cha zipu. Chini kulikuwa na fuko la mpira ambalo mdomo wake unakunjwa mara tatu, kisha unabanwa kwa kifungo.

"Hii haipitishi maji, wallahi!"

"Jaza maji basi, ubane, ulipindue juu ya kichwa chako."

"Mimi?"

"Aliyeapa ni nani?"

Watu wakaanza kusogea, kwa maana Garissa burudani ya bure haipitwi. Deeq akajaza, akabana, akafumba macho, akapindua. Hakuna tone lililodondoka. Alipoigusa kofia yake akaikuta kavu, akacheza pale pale kama bwana harusi, maana, usimwambie mtu, yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kulijaribu. Idil akalinunua bila hata kubishania bei, jambo ambalo soko zima lililiona kuwa ni ugonjwa.

Ijumaa jioni alipanga vyeti, buibui na shash ya kichwani katika chumba kikavu, akaliegesha begi mlangoni, akalala kwa raha zake. Alfajiri akaswali, akavaa jezi, na honi ya bajaji ikaanza kumwita. Sabrin, beki wake, akalidaka lile begi na kuyumba nalo.

"Wee, umebeba mawe?"

"Nimebeba kazi!" Idil akajibu, wakaondoka.

Fainali walishinda bao moja kwa bila. Dakika ya mwisho Idil aliruka, akaipangua penalti, akatua kwenye dimbwi kwa kishindo. Wenzake wakamlalia, wakatoka wote rangi moja. Ilikuwa imetimia saa tatu. Akabanduka mbio, akaoga bombani, akalifungua fuko la mpira ili atupie jezi.

Harufu ya moshi ikamjia puani. Ndani yalikuwemo maziwa ya ngamia, lita tano, yametulia na povu lake.

"Hooyo! Mama yangu!" akapiga kelele, kisha akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

Alielewa papo hapo. Mama yake, Maka, alikuwa muuza maziwa. Chombo chake kilipasuka miezi miwili nyuma, na Idil alimwahidi, "Nikipata kazi, hooyo, nitakununulia kipya." Sasa mama ameamka alfajiri, maziwa yamefika kutoka porini, akaona mlangoni kitu kipya chenye mdomo wa kubana. Akalifukiza fuko juu ya chetezo, kwa mbali lisiungue, kama anavyofanya kwa kila chombo cha maziwa, akajaza.

"Mwaga haraka, utachelewa!" Sabrin akamhimiza.

"Maziwa ya ngamia yamwagwe chini? Una wazimu?"

Akaita timu yake, akaita na wale waliofungwa, vikombe vikazunguka. Refa, Abdirashid, alipangusa masharubu akauliza kama hakuna muda wa nyongeza. Fuko likakauka. Idil akalisuuza, akasukumia jezi na matope yake, akabana, akatimua mbio.

Saa nne kasoro dakika mbili alisimama mbele ya jopo, buibui limenyooka. Akafungua zipu. Vyeti vilikuwa vikavu, muhuri umetulia mahali pake. Bi Sahara akavipokea, akanusa.

"Nani ameleta maziwa hapa?"

Idil hakuweza kujizuia. Akaeleza yote, hadi masharubu ya refa, jopo likacheka, na Bi Sahara akacheka kuliko wote. Alipojifuta machozi akasema, "Anza Jumatatu. Na wasichana wangu uwafundishe kubeba nguo zao hivyohivyo."

Alifika nyumbani anaruka. "Hooyo, nimepata kazi!"

"Alhamdulillah!" Maka akamkumbatia kwa nguvu. "Lakini mwanangu, maziwa yangu yako wapi? Nimekaa sokoni mikono mitupu. Majirani wote nilishawaambia, mwanangu amenikumbuka, ameninunulia chombo."

Aibu ikamshika Idil, maana chombo alichokumbuka kilikuwa chake mwenyewe. Akaingia ndani, akaitoa jezi chafu, akaliosha fuko mara tatu.

"Hiki hapa, hooyo. Maziwa wamekunywa watu, wamekuombea dua."

Jumatatu, mwalimu mpya wa michezo alifika kazini na vifaa vyake ndani ya gunia la mchele. Na sokoni Maka, ambaye miaka yote akiulizwa habari za binti yake mcheza mpira aligeuza mazungumzo, alilisimamisha begi mbele ya wateja na kulipigapiga mgongoni.

"Amenipa mwanangu," alisema kwa sauti, hata asiyeuliza asikie. "Yule golikipa."