Siku Dresa Alipoukosa Moyo Wangu

Chekeni, lakini mnisubiri nimalize, maana aibu hii ni ya tangu kabla ya Uhuru na mpaka leo nikiikumbuka hujifunika uso kwa leso.

Bi Zuhura, shangazi yake Salim, alikuwa aje kwetu Mtongwe na wenziwe kunitazama ndipo walete posa yake (kutazamwa kwenyewe ni kukaguliwa juu chini kama mbuzi wa Idi), nami Salim nilimtaka kufa, ila kifua changu kilikuwa bapa kama kibao cha chapati, basi nikapasua mto, nikajaza sufi kwenye sidiria, nikashindilia, nikaongeza tena, nikajiangalia kwenye kioo nikasema hapa hawatoki bila mimi.

Nikaingia na sinia la kahawa. Bi Zuhura alinitazama kifuani akatabasamu, nami pumzi haishuki, joto limenishika, kizunguzungu, mara puu, chini!

Nilipozinduka, dresa wa zahanati, jirani yetu, alikuwa amepiga magoti kando yangu, na kwa heshima (mwanamume yule!) kageuza uso ukutani, ananisikiliza moyo juu ya gauni. Akakibonyeza kipimo chake, kikazama.

"Mapigo siyasikii," akasema.

Mimi macho nimeyafumbua kodo, ila nani alinitazama usoni?

"Yarabi! Moyo mbovu!" akaruka Bi Zuhura. "Mwanetu hatumwozi mgonjwa. Vaeni mabuibui, twendeni!"

Ikawa ama nikose moyo, ama nikose kifua. Nikamwomba dresa atoke nje, nikatia mkono, nikachomoa sufi fumba baada ya fumba mbele ya wale wanawake, mama yangu akiinama kwa haya.

"Shangazi, sikiliza sasa."

Akaweka sikio. Ulikuwa ukipiga kama ngoma ya harusi.

"Moyo mzima," akasema, akijifuta sufi puani. "Lakini mke wa uongo hatumtaki, mwanangu."

Anasema hivyo na nywele zake, kwa umri ule, nyeusi tititi kwa piko!

Wakaenda zao. Salim akaozwa msichana wa Changamwe, nami nililia sana, si kwa aibu, bali kwa sababu nilimpenda Salim. Nikaapa, wallahi, atakayenitaka anichukue hivi nilivyo, na asiyetaka, matikiti yamejaa sokoni.