Heshima Yetu Hapa Ngezi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa Ngezi wako majirani wanaodhani nilihama zamani. Hata hivyo, kila nilipotaka kufika walau mlangoni mwa ua na kaptula yangu iliyopasuka, mke wangu alinizuia: "Weye muzee, vaa heshima kwanza." Kwake heshima ilikuwa nguo. Nilimjibu kwamba yangu iko kwenye kamba, haijakauka.

Ilikuwa miaka ile tulipoambiwa vita imekwisha. Mikono ya watu ilikuwa bado haijapata habari hiyo.

Asubuhi moja vijana wa mtaa walimshika mtu mbele ya butike, duka lililo ng'ambo ya ua wetu. Eti ameiba simu. Simu sikuiona. Nilichoona kupitia tundu la ua ni tofali likimshukia mgongoni, kisha mdomoni, na meno yakimtoka pamoja na "nisameheni, wakubwa". Wakamvua nguo zote, hata ya ndani. Fundi wa pikipiki, kijana anayenisalimia kila siku akiinamisha kichwa, akaja akiviringisha pine, tairi kuukuu la gari. Mwenzake alishika chupa ya esansi, yaani petroli.

"Tumupatie heshima yake," mmoja akasema. Wakacheka.

Mke wangu alikuwa anasonga bugali. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akatoka. Kwetu, mama akifungua kikwembe cha kiunoni alichobebea watoto na kumfunika mtu nacho, huyo amekuwa mtoto wake. Ukimpiga, umempiga mama. Kila mtu anajua. Ila tangu vita sikuwa nimeona mtu akijaribu kama desturi hiyo bado inafaa kitu.

Akamfunika yule mtu, akabaki amesimama na sketi ya ndani mbele ya mtaa mzima. Tofali jingine likaja, likampata mke wangu begani. Hapo nami nikatoka, na kaptula ileile.

"Papa, rudia nyumbani," fundi akaniambia, kwa upole kabisa.

"Huyu iko mutoto wetu sasa," mke wangu akasema. "Mutuchome siye wote, basi."

Hakuna aliyewasha kiberiti. Polisi walipofika, walimpakia yule mtu garini akiwa amefungwa ndani ya kikwembe. Alikufa hospitalini kabla jua halijatua.

Juma lililofuata mama yake mzazi alifika kutoka kijijini, upande wa Bogoro, mwanamke mzee, miguu imevimba. Aliuliza njia hadi kwetu. Chai alikataa. Alitaka aonyeshwe mahali mwanawe alipopigiwa. Tukampeleka. Mbele ya butike walikuwa wamemwaga mchanga juu ya damu. Alipouona, akataka kukaa palepale chini.

Fundi wa pikipiki alikuwa ameketi pale, anakunywa soda. Hakumjua mama huyo. Aliinuka mbio, akapangusa kiti kwa shati lake, akakisogeza kwa mikono miwili.

"Kaa, mama. Jua iko kali."

Mama akaketi, akamshika mkono. "Mungu akubariki, mutoto wangu. Wazazi wako walikufundisha heshima."

Kijana akatabasamu. Akamuuliza anatafuta nani hapa mtaani.

Mke wangu akanitazama. Mimi, ninayetania hata watu wa matanga, nikainamia ule mchanga. Basi mama akajibu mwenyewe, mkono wa kijana ukiwa bado ndani ya mikono yake.