Kovu Nililoliona Nisiliandike

Siku yangu ya kwanza kazini Uhamiaji, hapa Mwanza, nilivaa viatu vya kuazima, nikafika kabla mlinzi hajafungua geti. Ofisa Mfawidhi, mkuu wetu pale, alinikabidhi chupa ya gundi, muhuri na rundo la hati za dharura za safari. Ninyi vijana hamkuziona zile za kujaza kwa mkono. Ilikuwa karatasi moja ya kukunja, ya mtu asiye na pasipoti anayevuka kwenda nchi jirani kwa siku chache na kurudi. Alileta barua ya mwenyekiti wa mtaa, cheti cha kuzaliwa kama anacho, na picha.

“Usikimbilie gundi,” Mfawidhi aliniambia. “Hii safu ya alama za pekee uijaze kwa macho yako. Kovu, baka, jino lililovunjika. Picha peke yake haitoshi.”

Lakini mimi nilipenda sifa, jamani! Nilitaka foleni iishe kabla ya chai, wenzangu waniite mashine. Kila aliyefika dirishani nilimwandikia “Hakuna”.

Ndipo akaja Mama Akinyi, muuza dagaa wa Igogo. Mama yake mzazi alikuwa amefariki ng'ambo ya mpaka. Mwanawe Akinyi alikuwa bado ananyonya, ila siku hiyo alikuwa na homa, hakuweza kusafirishwa.

“Namwacha kwa wifi yangu,” alisema. “Nazika, narudi. Fanya haraka, baba.”

Picha yake ilikuwa ya nywele nyingi za kusuka. Alipoinama kuchukua mfuko wake niliona kovu la moto shingoni, kubwa kama kiganja. Kalamu ilikuwa imeshaandika “Hakuna”. Nikagonga muhuri.

Kwao, baada ya maziko, watoto wa marehemu hunyolewa. Alifika mpakani na kichwa cheupe, macho yamevimba kwa kulia. Ofisa wa zamu akatazama picha, akamtazama yeye na kovu ambalo hati haikulitaja, akasema huyu siye. Wakamzuia.

Siku ya sita tangu asafiri, wifi yake aliingia ofisini kwetu na Akinyi mgongoni. Homa ilikuwa imeisha, lakini mtoto alikuwa analia mpaka sauti imekauka. “Shikamoo, mzee,” alimwambia Mfawidhi. “Mwenye mtoto yuko wapi? Huyu chupa hataki, uji hataki!”

Mfawidhi alifungua jalada, akasoma nilichoandika. Hakunifokea. “Panda gari, twende mpakani,” alisema tu.

Tulimkuta kwenye benchi, khanga imelowa kifuani. Niliandika maelezo na kutia sahihi kwamba mwanamke huyu ndiye, na kwamba kovu lile nililiona kabla hajasafiri. Mama Akinyi aliinua uso.

“Kumbe uliliona?”

“Nililiona, mama.”

“Na ukaandika hakuna.”

Alirudi nyumbani siku hiyohiyo, lakini Akinyi alikuwa amemsahau mama yake, akaligeuzia titi kisogo. Wakamlea kwa maziwa ya ng'ombe. Alikua vizuri, namshukuru Mungu, ila kila nilipokaribia Igogo nilibadili njia.

Tangu hapo nilikuwa wa mwisho kunywa chai. Nilihamishiwa bandarini, kisha Musoma, kisha nikarudishwa Mwanza, na kote niliwatazama watu. Fundi wa Igoma aliyekatika nusu sikio. Bibi wa Mirongo mwenye baka la kahawia shavuni, aliyenicheka, “We baba, unanichumbia?” Nyuso zile nazitamani, wanangu. Asubuhi bado naamka saa kumi na moja, navaa shati, halafu nakumbuka sina pa kwenda.

Mwezi uliopita nilikwenda ofisini kuomba hati nami, nikamwone binti yangu aliyeolewa Kisumu. Siku hizi wanataka namba ya kitambulisho cha taifa na alama za vidole. Ofisa alikuwa binti mdogo, ana kasi, anabonyeza tu.

“Alama za pekee hakuna, eti babu?” aliuliza, macho kwenye kompyuta.

“Nitazame kwanza, mwanangu.”

Aliacha kubonyeza. Akanitazama polepole, paji mpaka kidevu, kama nilivyokuwa natazama mimi.

“Una kovu juu ya nyusi, babu,” alisema. “Upande wa kushoto.”

“Liandike,” nikamwambia, nikatoa leso.