Mtungi wa Nyanya na Spika ya Gari

Wako watu wanaopenda muziki kama wanavyopenda chumvi, kidogo tu ili chakula kishuke. Mimi si mmoja wao. Mshahara wangu wa kwanza wa ualimu, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, ulinunua redio kaseti kabla haujanunua suruali, na nilifundisha muhula mzima nikiwa na kiraka matakoni bila kuona haya. Kwetu milimani, upande wa Nunguni, stima ilikuwa habari ya watu wengine. Sisi tulikuwa na betri, na zikichoka tulizianika juani pamoja na mahindi, zikapata nguvu ya kuimba nyimbo mbili zaidi. Kurudisha kanda nyuma kwa mashine ilikuwa kuzila betri bure. Nilichomeka kalamu kwenye tundu la kaseti nikazungusha hadi mkono ukafa ganzi.

Baba alikuwa ameshafariki, tukabaki wawili, mimi na mama. Nilimwita mwaitu, kama Mkamba yeyote anavyomwita mama yake. Alikuwa mfinyanzi, na alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli. Nyimbo za dansi aliziita kelele za baa. Hakunikataza, kwa kuwa nilikuwa mtu mzima mwenye kazi, lakini gitaa likianza tu kulia, yeye huyo anachukua jembe kwenda shambani, hata kama ni jua la saa saba.

Shida yangu ilikuwa besi. Redio yangu iliimba kwa pua, kama mtu mwenye mafua. Mwalimu mwenzangu, mjuaji wa kila jambo, akanipa dawa: nitafute spika ya gari, niiketishe kwenye mdomo wa mtungi wa udongo, na mabati yatatetemeka. Spika niliipata mjini Wote kwa fundi mmoja, aliyeing'oa kwenye gari lililokufa. Mtungi sikuhitaji kuutafuta. Nyumba ya mfinyanzi haikosi mitungi.

Mitungi mipya ilikuwa ya kuuzwa sokoni, nikaiheshimu. Nikauendea ule mkuukuu wa pembeni, mweusi kwa moshi, ambamo mama alihifadhi mbegu za kunde. Niliona huu umeshazeeka, hautaliliwa na mtu. Siku aliyokwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa nilizimwaga kunde kwenye ndoo, nikaweka spika juu ya mdomo. Waya ungeweza kupita ukingoni bila taabu yoyote. Lakini mimi nilitaka spika ikae sawasawa, kama kazi ya fundi, kwa hiyo nikachukua msumari na nyundo nikatoboa tumbo la mtungi. Tundu lilitoka vizuri. Ufa nao ukatoka, ukapanda taratibu hadi karibu na shingo.

Sikuujali. Niliwasha, na besi ikanigonga kifuani, nami nikacheza peke yangu sebuleni, kiraka na yote. Ndipo mama akaingia.

Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kuizima redio, kitu ambacho hakuwahi kukigusa, akabonyeza vitufe viwili visivyo kabla hajakipata chenyewe. Kisha akapiga magoti, akapitisha kidole juu ya mikato mitatu mifupi iliyokuwa kwenye shingo ya mtungi. Kwetu kila mfinyanzi ana alama yake. Huikata shingoni udongo ukiwa bado mbichi, na mwingine haiigi. Mikato ile nilikuwa nikiiona tangu utoto, wala sikuwahi kuuliza ni ya nani.

"Huu ni wa mama yangu," alisema. "Picha yake hakuna. Ni huu tu."

Nyanya alikufa kabla sijazaliwa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi, nimesimama na nyundo. Niliona aibu ambayo hata leo nikiikumbuka masikio hupata moto. Nilimwambia redio nitaiuza siku ya soko. Kwa siku tatu hakunisemesha ila kuniambia chakula kipo mezani, nami niliifungia redio sandukuni nikiwa nimeshaiaga moyoni. Ilikuwa haki. Nyumba ile ilikuwa yake, na nilikuwa nimemharibia kitu kimoja ambacho mkono wake, pamoja na ufundi wake wote, usingeweza kukirudisha.

Siku ya nne, ambayo haikuwa ya shule, niliamka nikakuta mtungi haupo pembeni. Nyuma ya nyumba jiwe lilikuwa likigonga na kusaga. Sikwenda kuchungulia. Kwetu mwanamume hakaribii mahali pa kufinyanga, maana akikaribia, vyungu hupasuka motoni, na mimi nilikuwa nimeshapasua vya kutosha. Mama aliniita akiwa ng'ambo ya ua wa miiba. Akaniambia nipime spika kwa kamba, nimrushie kipimo. Nikapima, nikarusha. Kisha akaniambia nilete na redio yenyewe, niweke ule wimbo wa juzi, asikie unagonga wapi.

Basi nikasimama upande wangu wa ua, redio begani, nikimpigia mama wa kanisa nyimbo za dansi saa nne asubuhi. Majirani waliopita njiani walipunguza mwendo. Kila wimbo ulipoisha aliniambia niurudie, nami nikachomeka kalamu nikazungusha.

Baada ya siku chache aliuingiza mtungi mpya ndani ukaukie kivulini. Nikauona mdomo umeizidi spika kwa unene wa kidole, na kwa kuwa kusoma hakuondoi ujinga, nikamwambia amekosea kipimo. Alinieleza kwamba udongo hupungua ukikauka, na motoni hupungua tena, kisha akaniuliza shuleni huwa tunafundishana nini. Chini tumboni alikuwa ameacha tundu dogo la waya, laini kama pete. Akasema tundu hutobolewa udongo ungali mbichi, na aliyasema hayo akitazama kwingine.

Mtungi ulipotoka motoni, spika iliketi mdomoni bila hata kipande cha karatasi cha kuibania. Nimeona mafundi wengi tangu siku ile, wenye vyeti na vipimo vya chuma. Sijaona wa kumshinda mwanamke yule aliyepima kwa kamba na kukisia moto kwa macho. Niliunga waya Jumamosi mchana, nikawasha. Besi haikunigonga kifuani safari hii. Ilipanda kutoka sakafuni kupitia miguu ya kiti, pana na tulivu, na gitaa likaelea juu yake kila uzi ukisikika peke yake.

Mama hakuchukua jembe. Nilipoinama kuutazama mtungi niliona mstari mmoja wa mshazari shingoni, ambao ndio alama yake, na kando ya mstari huo mikato mitatu mifupi. Nikamuuliza imekuwaje, wakati alama ya mtu haiigwi.

"Yumo humo," alisema. "Nimeusaga mtungi wake nikauchanganya na udongo. Kazi hii ni yetu sote wawili."

Akavuta kigoda, akaweka kiganja chake kwenye tumbo la mtungi, akafumba macho. Wimbo ukaisha. Nikanyoosha mkono nizime, nikijua uvumilivu wa mtu wa kanisa nao una mwisho.

"Mama yangu alikuwa mwimbaji wa ngoma," alisema, "kabla kanisa halijafika huku. Weka tena."

Nikatoa kaseti, nikachomeka kalamu, nikaanza kuzungusha, na yeye akangoja, kiganja chake kikiwa bado juu ya mtungi.