Filta ya Sanduku la Chini Sikuikata

Nifichieni jina, tafadhali. Mimi ni mwanamke wa miaka sabini na sita, Mnubi, nimezaliwa na kuzeekea Kampala, na haya naandika mwenyewe kwa kidole kimoja kwa sababu sitaki mtoto wangu yeyote ayaone. Ninyi wa humu mtandaoni hamnijui, ndiyo maana nimepata ujasiri. Kumwambia usoni mtu niliyemkosea nimeshindwa kwa karibu miaka hamsini.

Miaka ya sabini, wakati wa serikali ya wanajeshi, Wahindi walipofukuzwa, marehemu mume wangu aliyekuwa askari alipewa duka la vipuri vya magari huko Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala. Yeye akarudi zake kambini, duka akaniachia mimi. Mimi! Niliyejua kusuka vikapu na kupika mandazi tu. Mteja akitaja kipuri, nabaki kutazama rafu. Aliyeniokoa ni fundi mmoja Muganda, nitamwita Fundi tu. Gereji yake ilikuwa ng'ambo ya barabara na hakuna lori lililomshinda. Alinifundisha vipuri kimoja kimoja, wala hakunicheka hata siku moja.

Kwenye filta za hewa, zile za duara zenye karatasi ya mikunjo inayozuia vumbi lisiingie kwenye injini, alikuwa mkali, ingawa aliniita Nnyabo, yaani mama, kwa Kiganda. "Nnyabo, ukinunua kwa jumla usitazame ile wanakupa mkononi. Sema wafungue sanduku la chini kabisa. Toa moja, zima taa ya stoo, ingiza tochi katikati. Ukiona mwanga unapenya kwenye vitundu, rudisha zote. Halafu ikate, uhesabu mikunjo. Muuzaji mkweli hawezi kukataa umkatie moja." Katwe nzima walipima hivyo, na walikiita kipimo cha Fundi.

Basi bidhaa zikaadimika. Siku moja akaja mfanyabiashara na masanduku ya filta aliyoyapitisha mpakani, suti imemkaa, viatu vinang'aa. Duka lilikuwa limejaa watu. Nikamwambia nataka kukata moja ya sanduku la chini. Alicheka mpaka akashika kaunta. "Mama, wewe mke wa afande, mwenye duka kubwa namna hii, unapima kama mafundi wa uchochoroni? Wenye maduka wa Nairobi wanashika tu mkononi, wanajua!" Watu wakacheka naye. Wallahi niliona haya. Nikachukua filta ya juu, nikaigeuzageuza kama mjuzi, nikaigonga kwa ukucha, nikasema, "Hii safi." Nikanunua masanduku yote.

Alipoondoka, Fundi akavuka barabara. "Umekata ya chini?"

"Nimekata."

"Na tochi?"

"Na tochi pia, Fundi, kwani mimi mtoto?" Akatabasamu, akabeba filta zake. Aliniamini.

Alizifunga kwenye malori ya jeshi aliyokuwa akiyatengeneza. Kilikuwa kiangazi, vumbi jekundu kila mahali. Haikupita miezi miwili injini zikaanza kufa moja baada ya nyingine. Na enzi zile lori la jeshi likifa halikuwa limeharibika, lilikuwa limehujumiwa. Wakaja askari wanne dukani wamemkamata Fundi kwa kola ya shati. Mkubwa wao ameshika filta. "Nani alipima hii kitu?"

Nikafungua mdomo. Fundi akaniwahi. "Afande, huyu mama hana kosa. Alipima vile mimi nilimfundisha. Kama kipimo ni kibaya, ni changu mimi."

Nikanyamaza. Jamani, nilinyamaza! Nilitazama ncha za viatu vyangu mpaka gari lao likaondoka naye.

Nikafunga mlango, nikaenda stoo, nikafungua sanduku la chini. Nilipoingiza tochi, mwanga ulitoka pande zote kama kwenye chekeche. Nikaikata. Mikunjo haikufika hata nusu ya inayotakiwa. Kipimo cha Fundi kilikuwa sawasawa kabisa, na mtu wa pekee aliyejua hivyo nilikuwa mimi. Nikazichoma filta zote zilizobaki.

Alikaa gereza la Luzira mwaka na zaidi. Kila wiki nilimpelekea mkewe unga, sukari na sabuni, na mtaa mzima ukanisifu. Alipotoka, mkono wake wa kulia haukunyooka tena. Lakini, banange, wenzangu, si mkono uliomwachisha kazi. Wenzake walimletea filta awapimie kama zamani, akakataa kuzigusa. "Kipimo changu kinadanganya watu," aliwaambia. Akafunga gereji, akaishia kuuza matoke sokoni Mengo. Mimi nilikuwa mteja wake, eti namsaidia.

Sasa anaumwa, na madaktari wamewaambia wanawe wamrudishe nyumbani. Watoto wale wananiita Ssenga, shangazi yao. Ijumaa iliyopita alinishika mkono. "Nnyabo, kuna jambo linanisumbua. Nilikufundisha kipimo kibaya, nusura wakuchukue na wewe. Nisamehe kabla sijaenda." Mkewe alikuwa amekaa pale, wanawe wamesimama mlangoni, wote wananitazama.

Nikasema, "Nimekusamehe, Fundi."

Mimi! Nimemsamehe yeye!

Nikimwambia ukweli, atajua kwamba ufundi wake haukuwa na kosa, na atajua pia kwamba maisha yake yaliharibiwa na mwanamke aliyeogopa kuchekwa dukani. Wanawe watanifukuza, na haki yao. Nikinyamaza, atazikwa akijiona fundi wa uongo. Ijumaa hii naenda tena, kama atakuwepo. Nishaurini wanangu, nianze na neno gani? Maana kila nikifika pale, kabla sijavua viatu, mkewe huja kunikumbatia.